Siku Mdogo Wangu Alipovaa Ngozi ya Ndama

Wiki jana nilijikuta katika duka la kukodisha mavazi ya watoto, hapa hapa Kitengela, orofa ya pili juu ya duka la simu. Tangu nimalize chuo ninamfundisha tuisheni mtoto mmoja wa darasa la pili huku nikingoja kazi iniite, na mamake alikuwa ameniomba nimpeleke akachague vazi la pati ya rafiki yake. Pati ya wanyama. Mtoto alipapasa pundamilia, akapapasa simba, kisha akachomoa vazi la ng'ombe: nailoni nyeupe yenye mabaka, zipu mgongoni, pembe za sponji. Msichana wa duka akatabasamu. "Usijali, madam. Zikirudi tunaosha zote. Hata harufu haiko."

Nilimwambia mtoto anisubiri kidogo, nikatoka nikasimama kwenye ngazi.

Najua ni jambo dogo mno la kumtoa mtu nje. Mimi ni wa kulishika jambo dogo mpaka linigeukie mzigo; nikishatuma ombi la kazi hushinda siku nzima nikijiuliza kama salamu zangu za mwisho zilikuwa za unyenyekevu kupita kiasi au hazikutosha. Lakini hili la harufu sikulibuni. Lilitokea, tena si mbali na ngazi zile, na acha nikueleze taratibu, rafiki yangu, kwa sababu waliokuwepo hawapendi kulizungumza na mimi nimechoka kuwa nalo peke yangu.

Wewe unayeijua Kitengela ya sasa, ya gorofa na foleni ya magari, huwezi kuiona ile yetu hata ukifumba macho. Tuliishi katika ploti ya nyumba za vyumba viwili viwili zilizopangwa mstari mmoja, mabati juu, choo kule nyuma, geti ambalo halikufungika vizuri. Nyuma ya choo kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio hapakuwa na kitu. Ninasema hapakuwa na kitu jinsi mtoto angesema. Kulikuwa na tambarare yote mpaka mbuga, na asubuhi nyingine uliona nyumbu wamesimama mbali kama nukta za wino. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu. Jua likiwaka, vumbi lilikaa kwenye chai kabla hujaimaliza. Wapangaji wengi walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya kama sisi, waliofuata viwanda vya Athi River. Baba alikuwa karani kule Kajiado mjini na alirudi nyumbani Jumamosi. Mama alishona katika kiwanda cha nguo. Mchana kutwa alishona suruali za watoto wa nchi ambazo hakuzijua, lakini jioni langoni walipekuliwa mpaka kwenye soksi, na hata kipande cha uzi hakikutoka.

Ng'ambo ya uzio ndiko alikoishi kokoo. Kokoo ni nyanya kwa Kimaasai, na hilo ndilo jina pekee tulilomjua nalo. Kila asubuhi alikuja getini na kibuyu cha maziwa, na mama alinunua chupa moja. Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi, kwa sababu kibuyu kilisafishwa kwa kijinga cha moto, na hadi leo maziwa ya pakiti huyaona kama mtu anayenidanganya. Sisi watoto tulipanga mstari tukainamisha vichwa, naye akaweka kiganja juu ya kila kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. "Takwenya," alimwambia mama, na mama, ambaye alijifunza neno hilo kabla ya kujifunza jina la barabara, alijibu, "Iko!" Kisha kila mmoja alirudi kwake. Tulinunua maziwa pale kwa miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona yakikamuliwa. Yalikamuliwa kabla ya jua, mama akiwa anajifunga kitambaa cha kwenda kazini, na jioni sisi tukiwa ndani na vitabu. Kwetu sisi, maziwa yalitoka getini.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Sitaki kukuchosha nao. Kama ulikuwepo unaukumbuka, na kama hukuwepo hutaki kuujua. Nyasi ziliisha mpaka mizizi. Ng'ombe walianguka na hawakuinuka. Wenyewe waliwachuna ngozi, wakazitundika kwenye nyaya, na ngozi zilikuwa nyingi hivi kwamba mnunuzi hakuja tena. Zilikauka pale, ngumu kama mabati, zikigongana upepo ukivuma. Sauti ile ndiyo sauti ya mwaka huo kwangu.

Mwana wa kokoo alichukua mifugo iliyobaki akaenda nayo upande wa Bisil kutafuta malisho. Nyumbani alibaki kokoo, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa amejifungua karibuni, na ng'ombe mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Yule mama mchanga alikuwa ameugua baada ya kujifungua na maziwa yake yakakauka. Kwa hiyo siku moja kokoo alikuja getini na kibuyu kikiwa chepesi.

"Yeyo," alimwambia mama, ndivyo alivyomwita, yaani mama kwa Kimaasai, "maziwa ya kuuza imekwisha. Hii iko ni ya mtoto."

"Na wewe kokoo utakunywa nini?"

"Mimi nilikunywa zamani," akasema, wakacheka wote wawili, ingawa si sana.

Alibakiza kikombe kimoja tu, na kikombe hicho kilikuwa cha mdogo wangu. Alikuwa anakaribia miaka sita, mfupi, mwenye masikio makubwa, na kila akitoka chekechea alipita chini ya uzio kwenda kucheza na ndama wa yule ng'ombe. Alimpelekea majani ya kabichi na ukoko wa ugali. Ndama alikuwa mweupe, na jicho moja limezungukwa na baka la kahawia, kama mtu aliyevaa miwani upande mmoja. Alipokufa, mdogo wangu hakulia. Aliacha tu kupita chini ya uzio. Akawa anakaa juu ya karai lililopinduliwa, anatazama.

Sasa, hili la pati. Mapema mwaka huo mtoto wa tajiri wa nyumba ya ghorofa kando ya barabara alifanyiwa siku ya kuzaliwa, na darasa zima la chekechea likaalikwa. Watoto walivaa kama wanyama, mavazi yaliyokodishwa Nairobi. Sisi hatukujua. Mama alimvisha mdogo wangu shati lake la kanisa na tai ya lastiki. Walimkalisha barazani na wasichana wa kazi, kwa sababu, walisema, angeharibu picha. Mama alielezwa hayo akiwa jikoni. Alisugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. Halafu akamwuliza bila kugeuka, "Na wewe siku yako ikifika, unataka kuwa mnyama gani?"

Miezi ilipita, ndama akafa, siku yake ikakaribia, na mama akamwuliza tena.

"Ndama," akasema.

"Ndama gani?"

"Ile ya kokoo."

Lilikuwa jambo la kwanza alilokuwa ameomba kwa muda mrefu. Baba aliporudi Jumamosi na kuambiwa, alicheka akashika kiuno. "Watoto wa watu wanaomba simba. Huyu wangu anaomba ndama amekufa."

"Na wewe ungeomba nini, karani?" mama akamjibu. "Faili?"

Hivyo tukaanza. Mama aliamua kwamba watoto wote wa ploti watavaa, asije mtoto mwingine akakalishwa barazani, na kwamba haitanunuliwa hata sindano. Ningependa ukumbuke siku zile pamoja nami kabla sijafika kwenye yale mengine, kwa sababu zilikuwa nzuri, na mimi hukosea nikizifunika zote kwa kivuli kimoja. Tuliokota mifuko ya simiti kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa. Mfuko wa simiti una karatasi kadhaa, moja ndani ya nyingine. Unachambua ile ya katikati, safi, unaifinyanga mikononi kwa subira mpaka inalegea kama kitambaa. Hao walikuwa mbuzi. Ndevu zao tulizifumua kutoka kamba ya katani. Manyoya ya kuku tuliyaomba sokoni kwa wachinjaji, tukayaosha, tukayabandika kwa uji mzito wa ngano. Masikio ya punda yalikuwa ya katoni. Mkia wa mbwa ulikuwa soksi iliyoshindiliwa vitambaa. Akina mama wa ploti walitoka na vigoda vyao jioni, mikono ikitembea, midomo ikitembea zaidi.

"Wangu usimfanye mbuzi tafadhali," jirani wa nyumba ya mwisho alilalamika. "Huyu hata sasa anakula kila kitu."

"Basi awe fisi."

"Fisi ni babake!"

Nilikuwa ninashika taa ya kandili na kucheka bila kuelewa nusu ya waliyosema.

Ndama pekee ndiye aliyekataa kutokea. Mama alichukua gunia jeupe la unga, akatia mabaka kwa majani ya chai, akashona masikio mazuri. Mdogo wangu aliligeuza gunia huku na huku. "Hii ni gunia," akasema, kwa upole, kama anayempa mtu habari mbaya. Kisha akamshika mama kidole, akampeleka mpaka kwenye uzio, akanyoosha mkono.

Lazima nikueleze jambo moja hapa, kwa sababu nimeligeuza kichwani mara nyingi. Kokoo alikuwa amemwambia mama, tena zaidi ya mara moja, kwamba zile ngozi zilizolundikwa kando ya boma azichukue akitaka. Atandike, afunike kuni, zinaliwa na mbwa bure. Siku ile kokoo mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameenda Bisil kumwona mwanawe na kutafuta nyasi za kukata. Mama alipita chini ya uzio nasi tukamfuata. Alibisha hodi, hakujibiwa. Mke wa mwana alikuwa amekwenda kuteka maji, mtoto mgongoni. Ngozi za lundo zilikuwa kubwa na zimekakamaa. Lakini mlangoni pa zizi la ndama palitundikwa moja ndogo, peke yake. Nyeupe. Na lile baka la kahawia mahali pa jicho.

"Ni yeye," mdogo wangu akasema.

Mama aliigusa. Ilikuwa laini. Manyoya yake yalikuwa yamelazwa upande mmoja, kama nywele za mtoto aliyechanwa kwenda kanisani, na mahali pengine yalikuwa na unyevu. "Hii wameitunza," mama akasema, akifurahi. Akaitundua.

Ilinuka. Hilo siwezi kulificha. Ilinuka maziwa yaliyochacha, mate, kinyesi, ng'ombe. Na mama yangu ni mtu safi. Anafua hata kitambaa cha kufulia. Aliiloweka katika karai na sabuni ya unga, akaisugua kwa brashi, akamwaga maji yaliyokuwa ya kahawia, akarudia. Akatia dawa kidogo ya kung'arisha. Ilipokauka akaipaka mafuta ya kujipaka ili isikakamae, akanyunyiza poda ya watoto. Kisha akaishona kwenye fulana kuukuu ya baba, kwa mishono midogo midogo ya kiwandani ambayo huwezi kuiona mpaka uitafute. Mdogo wangu alipovaa, mikono yake ilipotelea ndani ya miguu ya mbele, na masikio ya ndama yakakaa juu ya masikio yake. Alipiga magoti sakafuni, akazunguka chumba polepole. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha iliyotulia namna ile.

Jioni hiyo tulisikia ng'ombe wa kokoo akilia. Asubuhi bado analia. "Anamlilia kokoo," mama akasema. "Akikosa mwenyewe anajua." Tulisikia pia mtoto mchanga, lakini watoto hulia, na sisi tulikuwa na keki ya kuoka.

Mama aliioka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ikatoka imeungua upande mmoja, na upande huo ukapewa akina baba. Mabenchi yalipangwa uwanjani. Chai ilichemshwa katika sufuria kubwa ya kanisa. Pakiti zote za maziwa tulizokuwa nazo zilimwagwa humo, na sukari, na tangawizi. Tuliimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, mbuzi na kuku na punda na mbwa, na mdogo wangu katikati, kichwa chini, anaona haya. Kila tukinyamaza kuvuta pumzi, ng'ombe alisikika ng'ambo.

Ndipo geti liliposukumwa. Alikuwa ni mke wa mwana wa kokoo, mtoto mgongoni. Alikuwa msichana tu, ninaona sasa, labda mdogo kuliko nilivyo mimi leo, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Hakuwahi kuingia kwetu kabla ya siku hiyo. Mtoto alikuwa bado analia, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Kinywa kilifunguka na kufungika.

"Naomba maziwa," akamwambia mama. "Ya mtoto."

"Karibu, mama, karibu. Si ng'ombe iko?"

"Ng'ombe nakataa. Jana jioni, leo. Ngozi nimetafuta. Labda mbwa..."

Alikuwa amemwona mdogo wangu.

Alitueleza kwa mikono zaidi ya maneno, na hata sisi watoto tulielewa. Ndama akifa, ng'ombe hukataa kushusha maziwa. Kwa hiyo wanatunza ngozi ya ndama wake. Kila asubuhi na kila jioni wanamwekea mbele, ananusa, analamba, anadhani mtoto wake yupo, na maziwa yanashuka. Ndiyo maana ilikuwa laini. Ndiyo maana manyoya yalilala upande mmoja. Lile lilikuwa vazi kabla sisi hatujalifanya vazi.

Mama alikaa chini kwenye benchi, akasimama tena. Akatazama sufuria ya chai. Hapakuwa na tone la maziwa lililobaki kando. "Mvue," jirani mmoja akasema. Lakini yule msichana alitikisa kichwa. Aje hivyo hivyo, alionyesha. Haraka.

Tulikwenda wote. Fikiria msafara ule: mama mbele akimvuta mdogo wangu mkono, msichana na mtoto wake mgongoni, nyuma yao mbuzi wa karatasi, kuku wanaomwaga manyoya, punda mwenye sikio moja kwa kuwa la pili lilikuwa limeanguka getini. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Mbavu zake zilionekana zote, lakini kiwele kilikuwa kimevimba. Mdogo wangu aliwekwa mbele yake, akapiga magoti kama alivyofanya nyumbani.

Ng'ombe alinyamaza. Aliinamisha kichwa, pua zikatanuka. Alinusa yale masikio, masikio ya mtoto wake mwenyewe. Alinusa shingo mahali mama alipopitisha uzi. Mdogo wangu alifumba macho. Nafikiri alikuwa anangoja kulambwa. Nyuma, msichana alikuwa amechuchumaa na kibuyu, mikono tayari.

Ng'ombe alipiga chafya. Kisha akageuza kichwa, akatazama tambarare, akaanza kulia tena.

Walimsogeza karibu zaidi. Ng'ombe akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Msichana alijaribu kukamua kwa nguvu, akapigwa teke, kibuyu kikabiringika kikiwa kitupu.

"Mama," mdogo wangu akasema, bado yuko magotini. "Hanitaki."

"Atakutaka. Ngoja kidogo. Sogea."

"Hanitaki. Anajua ni mimi."

Kokoo alitukuta hapo. Alikuwa anatoka barabarani kwa miguu, mzigo mdogo wa nyasi mgongoni. Sisi watoto, kwa mazoea tu, kwa kutojua tufanye nini kingine, tuliinamisha vichwa. Naye akatusalimu. Alipita kichwa kwa kichwa, juu ya pembe za karatasi na masikio ya katoni, akiweka kiganja. Alipofika kwa mdogo wangu aliweka kiganja juu ya ngozi ya ndama, akakiacha hapo. Kisha akakileta puani.

"Mliosha," akasema.

"Kokoo, haki ya Mungu sikujua," mama akasema. "Ulisema tuchukue..."

"Nilisema zile." Akaonyesha lundo kwa kidevu. Alimtazama mama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. "Wewe hujui. Mtu wa kununua maziwa atajuaje?"

Alifanya alichoweza. Aliagiza chumvi iletwe, akaipaka ngozi. Akaipaka mkojo wa ng'ombe, na jasho la shingo yake, na mdogo wangu alikuwa bado yumo ndani, analia sasa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumvua. Ng'ombe alilamba chumvi. Alilamba yote, akamaliza, maziwa hakushusha. Harufu aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imemwagwa pamoja na maji ya karai nyuma ya choo chetu.

Jua lilipokwenda chini, akina mama walikusanya mavazi. Chai ilipoa katika sufuria ya kanisa.

Baada ya hapo mama alianza kununua pakiti ya maziwa kila asubuhi na kuipitisha juu ya uzio kabla ya kwenda kazini. Kokoo aliipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kusema neno baya, na hakuacha kuita "Takwenya". Lakini maziwa yale hayakumkubali mtoto. Tulisikia kwamba anaharisha, kisha kwamba amepungua. Mama akabadilisha aina ya pakiti. Akatafuta ya unga. Ng'ombe alikauka kabisa, na ng'ombe mkavu mwaka ule hakuwa na sababu ya kupewa nyasi.

Waliondoka asubuhi moja kumfuata yule mwana kule Bisil, wao na ng'ombe wao. Mama alikuwa ameshakwenda kiwandani. Kokoo alisimama getini, akatushika vichwa. "Ambia yeyo tumeenda," akasema. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mamake, amefunikwa shuka gubigubi. Niliona mguu mmoja tu umetokeza, na unyayo wake mdogo, mweupe kwa vumbi. Haukucheza. Lakini watoto hulala, si ndiyo? Watoto wakibebwa hulala.

Mvua ilikuja, tambarare ikawa kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wao hawakurudi. Ardhi ikaingia mikononi mwa wengine, wakaipima, wakapanda mawe ya mipaka, na boma likabomoka lenyewe kwa mvua. Leo ukisimama kwenye ngazi za lile duka na kutazama kusini, unaona gorofa tatu za rangi ya chungwa na nguo zilizoanikwa kwenye kila roshani. Nyumbu hawapo. Wasichana wa kazi huagiza maziwa kwa simu, huletwa na pikipiki, na mlinzi wa geti hajawahi kusikia kwamba palikuwa na mtu pale kabla ya geti.

Mdogo wangu ni kijana mrefu sasa. Nikimwuliza anasema anakumbuka keki, upande ulioungua. Nikimwuliza mama, anainuka kwenda kutazama kilichoko jikoni. Hatukufanya siku ya kuzaliwa nyingine nyumbani kwetu, na hakuna aliyetangaza kwamba hatutafanya.

Mwezi uliopita nilikwenda Kajiado kupeleka vyeti vyangu ofisi moja, wakaniambia niache tu, watanipigia. Sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la kuteremka mpaka Bisil, na ilikuwa siku ya soko la mifugo. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Nilitembea kati ya mbuzi na watu, nikitazama nyuso za watoto wa umri ule, waliokaribia kumaliza shule ya msingi, wanaochunga, wanaosukumana, wanaokula mandazi. Nilimwendea mama mmoja aliyeshika kamba za mbuzi watatu, nikamsalimia, akaitikia. Akangoja.

Ningeuliza nini? Kokoo? Soko zima lilikuwa na kokoo. Mwanawe hatukujua anaitwaje. Na yule mtoto hakuwa amepewa jina. Kokoo alimwambia mama kwamba kwao jina halina haraka, atapewa mifugo ikirudi, kondoo achinjwe, watu wakae vizuri. Hatukuuliza hata kama ni wa kiume au wa kike. Tulimwita mtoto wa kule.

Yule mama alikuwa bado ananitazama, kwa subira, akidhani nimesahau maneno.

Nikamwuliza mbuzi wake ni bei gani.